Malkia Niliyemsimulia Nusunusu

Mimi nina mdomo. Nasema mwenyewe mapema nisije nikasemwa. Kwetu Mombasa nilikuwa nikitumwa kwenda kugombana kwa niaba ya ploti nzima, na nilipokuja Riyadh kufanya kazi ya nyumba, mdomo nilikuja nao. Ulikaa kimya kama miezi mitatu kwa ugeni, kisha ukapata malkia wa kumsema.

Bibi ninayemhudumia ni mtu mzima sana, macho yamemwishia. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa ubalozi, wakakaa miaka na miaka katika nchi moja ya Ulaya yenye baridi kali. Nchi sitaitaja. Nchi hiyo ilikuwa na malkia, na huyo malkia ndiye kipenzi cha bibi mpaka leo. Ana kitabu chake cha Kiingereza, kinene kama tofali, chenye maisha ya malkia tangu utotoni hadi siku alipomwachia mwanawe kiti. Siku ya kwanza aliniuliza kama naweza kusoma Kiingereza. Nikamjibu, "Madam, nimemaliza fomu foo mimi!" Basi ikawa kazi yangu. Kila baada ya sala ya alasiri namtilia gahwa, ile kahawa yao ya Kiarabu, naketi kwenye zulia karibu na miguu yake, namsomea kurasa tano au sita. Yeye hufumba macho akaanza kucheka kabla sijafika penye kuchekesha, maana kitabu chote amekihifadhi.

Sasa, kitu kizuri kama kile nikae nacho peke yangu? Tulikuwa na kikundi cha simu, wanawake kumi na mmoja, Wakenya watupu, wengine hapa Riyadh na wengine Jidda. Kila niliposoma sura, kesho yake nawarekodia kwa Kiswahili nikiwa jikoni, nao wanasikiliza wakipiga pasi, wakiosha vyombo, wakibembeleza watoto wa watu. Siku nikichelewa nilikuwa natafutwa. "Wee! Malkia wetu yuko wapi leo?" Wallahi nilipata bichwa.

Na hadithi yenyewe ilitushika. Huyu malkia hakuzaliwa awe malkia. Alikuwa na kaka, na kaka ndiye aliyekuwa akiandaliwa. Yeye alipenda wadudu. Alikuwa anakusanya kombamwiko wa porini na vipepeo kwenye masanduku ya kioo, anataka akasomee hao hao chuoni. Kaka akaanguka kwenye farasi, akafa, na binti wa miaka kumi na tisa akaitwa na babake akaambiwa aache wadudu. Akaacha. Hakuulizwa kama anataka. Wenzangu waliposikia hapo, mmoja akaandika: "Kumbe hata yeye alipelekwa kazi asiyoijua."

Kilichowashangaza zaidi ni kwamba hana amri. Walidhani malkia ni mtu wa kusema mkateni huyu kichwa, mfungeni yule. Shoga yangu mmoja wa Lamu, naye ulimi anao, akawa ananihoji. Anaweza kumfukuza waziri? Hawezi. Anapiga kura? Hapigi. Hotuba ya bunge anaandika mwenyewe? Anaandikiwa na waziri mkuu, yeye kazi yake kuisoma. Sheria wakimletea asiyoipenda? Anatia sahihi. "Ala!" akasema. "Basi huyo ni hadama kama sisi, tofauti taji." Tulicheka siku mbili. Hadama ndilo jina letu huku, mtumishi wa ndani, na tukaanza kumwita hivyo malkia wa watu, hadama mwenye taji.

Nami nikawa natia chumvi. Sura za sheria na katiba zilinichosha, nilikuwa namsomea bibi kwa kuwa ndiyo kazi, lakini kwenye simu naziruka. Nikabakisha farasi, nguo, harusi, na ule mkoba wa ngozi anaoletewa kila asubuhi umejaa makaratasi ya kutia sahihi. Mkoba niliupenda sana. Niliwaambia anazitia sahihi zote kabla hajaonja chai, mgongo umenyooka, halalamiki, na huo ndio ufalme. Kitabu hakikusema hivyo. Nilisema mimi.

Kuna jambo jingine sina budi kulisema, na hili ndilo linaloniunguza. Mimi ni mtoto wa madrasa. Msahafu nimehitimu mara mbili, na sauti Mungu amenipa. Lakini kusoma ni kusoma, kuelewa ni kitu kingine. Kiarabu changu cha kusema ni cha jikoni: yalla ya kusema twende, halas ya kusema basi, mafi ya kusema hakuna, leta, ondoa. Na ofisini kwao wanaandika herufi tupu zisizo na irabu, na mimi bila irabu ni kama niliyevuliwa miwani. Sasa mwanzoni kabisa dada mmoja wa kikundi alituma picha ya chupa ya dawa, nikasoma neno likatokea ni asali, ambalo hata mtoto wa madrasa analijua. Akashangaa. "Kumbe wewe wasoma Kiarabu!" Nikajibu, "Kidogo, mwaya," kwa ile sauti ya mtu anayejua sana. Kutoka siku hiyo wakaniita ustadha. Nilingoja wiki moja nione kama nitawasahihisha. Sikuwasahihisha.

Katika kikundi kulikuwa na binti mmoja wa Kitale, miaka ishirini na minne, Mkristo, mpole, anafanya kazi Jidda katika nyumba ya watu huko Al-Baghdadiyah. Huyu alikuwa akinisikiliza kuliko wote. Nyumbani alimwacha mtoto wa kike wa miezi tisa kwa mamake. Mkataba wake ulikuwa miaka miwili, na wakati ninaousema zilikuwa zimebaki wiki sita. Akipiga simu ya video mtoto anajificha nyuma ya nyanya yake. Siku moja mtoto alishikwa kidevu akaambiwa msalimie mama, akasema, "Hujambo, anti." Binti alituelezea hilo huku anacheka, halafu akaacha kucheka. Alikuwa hataki kingine duniani, anataka afike nyumbani kabla yule mtoto hajazoea kabisa.

Basi ikafika siku moja, adhuhuri. Bibi ameketi kwenye kiti chake sebuleni, mimi nimesimama mlangoni mwa jikoni, najiandaa kuwarekodia sura ya siku malkia alipokalishwa kwenye kiti. Sura tamu, nilikuwa nimeipanga kichwani tangu asubuhi. Simu ikalia. Binti wa Jidda ameniletea picha ya karatasi na sauti yake: "Aki dada, baba wa nyumba amenipatia hii, ati niangalie, nikikubali niweke sahihi. Mi sielewi kitu. Si unisomee?"

Niliitazama. Nusu ukurasa, muhuri, herufi ndogo ndogo za mashine. Nikatambua neno ikama, kile kibali cha kuishi huku. Nikatambua jina lake. Mengine nilikuwa naweza kuyatamka kwa kubahatisha, lakini yana maana gani, hata chembe sikujua. Na bibi alikuwa hatua nne kutoka nilipo! Macho hana, masikio anayo, tena ya paka. Ningesimama mbele yake nikamsomea kwa kukwamakwama, angeninyoosha, kisha angenieleza kwa Kiingereza. Dakika mbili. Nimejiuliza sana kwa nini sikufanya, na nimetafuta sababu ya kujitetea, sikuipata. Nilikuwa nimeitwa ustadha, basi. Na nilikuwa na haraka ya kusimulia.

Nikabonyeza, nikamwambia mbele ya kikundi kizima: "Weka tu, mwanangu. Ni mambo ya ikama hayo, ya kumalizia muda wako. Malkia mwenyewe anatia sahihi mkoba mzima kabla ya chai na hata siku moja kalamu haijamng'ata!" Wenzangu wakaleta vicheko. Binti akaandika, "Asante dada, Mungu akubariki." Akaweka sahihi.

Baada ya wiki nne akanunua katoni, akaanza kupanga. Viatu vya mtoto, alivikisia kwa picha. Kisha akamwuliza baba wa nyumba tikiti ni ya lini. Yule bwana akashangaa. Tikiti gani? Akaenda kuileta karatasi. Karatasi ilikuwa inamwuliza kama anakubali kuendelea miaka miwili mingine, kwa sababu madam wa nyumba alikuwa na mimba ya mapacha, na wao walikuwa wamemzoea. Alikubali, sahihi yake hii hapa. Kwa ajili hiyo hawakuagiza mtu mwingine.

Binti alinipigia analia mpaka maneno hayasikiki. "Dada, si ulisema ni ya kumaliza? Dada, si ulisoma?"

Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema. Mimi mdomo wangu ukafanya unachokijua. "Wamekutapeli!" nikafoka. "Mimi nimesoma kwa macho yangu mawili, haikusema hivyo! Wamebadilisha karatasi, washenzi hao. Mwambie usoni ni mwongo!" Na kikundi kizima kikawaka, nami mbele, tukamtukana yule bwana wiki nzima, mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Binti, ambaye katika nyumba ile hakuwahi kuinua sauti, akaenda akamwambia usoni kwamba ni mwongo. Yule bwana hakumpiga, hakumtukana. Aliacha kumsemesha. Madam akawa anamtengea kazi kupitia kwa mtoto mkubwa. Nyumba aliyoishi kwa amani miaka miwili ikageuka jela ya kununiana.

Na mimi huku naendelea kumsomea bibi malkia wake. Tukafika sura moja ya zile nilizokuwa nikiziruka kwenye simu. Ilikuwa ya siku ya bunge. Waziri mkuu alimwandikia malkia hotuba yenye uongo ndani yake, kwamba mgodi fulani ni salama, na malkia akaisoma kama alivyoandikiwa, mgongo umenyooka. Haukupita muda ikajulikana si kweli, na watu walikuwa wameshaumia mgodini. Nikasimama kusoma. Nikamwuliza bibi, "Sasa malkia walimfanya nini?"

Bibi akafungua macho yake yasiyoona. "Malkia? Hakuna. Huoni imeandikwa nini? Kila sahihi yake, chini yake kuna sahihi ya waziri. Kila neno lake, kuna waziri aliyelileta. Lawama haimpati yeye. Waziri alisimama bungeni, akasema maneno yale ni yangu na ni uongo, akaacha uwaziri, akaenda zake nyumbani kwake." Akanywa gahwa. "Ndiyo maana yeye anaweza kutia sahihi na akalala. Bila hivyo ingekuwa wazimu."

Nikamsomea mpaka mwisho wa sura, lakini sikusikia nilichosoma. Wale wanawake kumi niliwafundisha nusu ya malkia. Niliwafundisha kutia sahihi na kunyoosha mgongo, ile nusu nyingine nikaiacha kwa kuwa haina farasi. Na binti wa Kitale alitia sahihi kwa neno la waziri wake, na waziri nilikuwa mimi, na chini pale hapakuwa na jina langu. Aibu ilinishika hata gahwa ya pili nikaimwaga nje ya kikombe. Bibi akaniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Nikaapa nitamwambia. Na nafasi ikaja yenyewe, maana kila mwaka kabla ya Ramadhani bibi huenda kukaa Jidda kwa mwanawe, nami naenda naye. Nilipomwarifu binti kwamba nakuja, kabla sijasema la kwangu akaruka kwa furaha. Kumbe alikuwa ameshamwambia yule bwana: yuko dada yangu anajua Kiarabu, aisome karatasi mbele yetu sote, tuone nani mwongo. Na yule bwana, ajabu, alikubali. Alikuwa amechoka na yeye. Akasema waje dukani kwake Balad, mji wa kale wa Jidda, Ijumaa, baada ya alasiri.

Nilikaa siku tatu Jidda na simu mkononi. Naandika, nafuta. Nikajidanganya kwamba jambo kama hili halisemwi kwa simu, linataka uso kwa uso. Ijumaa bibi akanipa ruhusa, nikachukua taksi mpaka Balad. Binti alikuwa akinisubiri penye kona. Nilikuwa sijawahi kumwona ila kwa simu, na ni mdogo kuliko nilivyodhani, mabega kama ya mtoto wa shule. Akanikumbatia, akanishika mkono, akawa ananivuta kupitia wachukuzi na mikokoteni, chini ya zile nyumba za kale. "Leo ataona!" anasema. "Dada, leo ataona! Nilimwambia mamangu umekuja, ameanza kuombea." Kutoka ile kona mpaka dukani ni hatua kama mia mbili. Zote mia mbili nilikuwa nazo, na sikusema.

Duka lilikuwa la vitambaa. Yule bwana ni mtu wa makamo, mwembamba, ana miwani. Akaniletea stuli, akaniletea maji, akanikaribisha kwa adabu, akaniita dada yake katika Uislamu. Mtu niliyemwita mshenzi mbele ya watu kumi. Akaiweka karatasi mbele yangu kwa mikono miwili.

Nikasoma. Mungu anisamehe, nilisoma vizuri. Pasipo irabu nikazitia zangu, nikavuta panapovutwa, nikaghani, sauti ikapanda kama nasoma juzuu mbele ya mwalimu. Barua ya kazi! Yule bwana mwanzo alikunja uso kwa mshangao. Kisha akainamisha macho akatazama mikono yake, nikajua ameshafahamu. Hata kunicheka hakunicheka. Aliona aibu badala yangu. Nilipomaliza akasema taratibu, kwa Kiarabu chepesi anachosema na watoto, nimweleze msichana maana yake.

Binti alikuwa amesimama kando yangu, ananitazama mdomoni. Bado ningeweza kusema uongo. Neno lilikuwepo, nililiona, na yule bwana nadhani angeniachia tu.

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini, dada?"

"Sijui imesema nini. Wala siku ile sikujua. Najua kuzitamka, sielewi. Nilikwambia uweke sahihi na sikuelewa hata mstari mmoja. Na sikutapeliwa mimi wala wewe. Huyu hana kosa."

Binti akafanya jambo ambalo nikilikumbuka nikiwa naosha vyombo lazima nifunge bomba nisimame. Alimgeukia yule bwana, akapiga goti kidogo kama wanavyosalimia kwao, akamwomba radhi. Kwa Kiarabu chake cha kuokotezea akamwambia asamehewe, alimwita mwongo na yeye si mwongo. Yule bwana akawa anasema halas, halas, huku anafuta miwani. Akasema mapacha wakishazaliwa na madam akipata nguvu watatazama, lakini sasa hawezi, hana mtu mwingine. Alisema kwa huruma, na ilikuwa haki yake. Yeye ndiye aliyeomba radhi, binti. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye stuli.

Alinisindikiza nje. Nikaanza kumimina maneno, nisamehe mwanangu, nitafanya hivi, nitamwambia bibi aseme na mwanawe, nitawaambia wenzetu wote ukweli. Wenzetu niliwaambia kweli, siku hiyo hiyo, na sijarekodi tena sura hata moja. Bibi alisema na mwanawe, haikuleta kitu. Binti yuko Baghdadiyah mpaka sasa naandika, na mtoto wake ameanza nasari, amepelekwa na nyanya. Lakini pale nje ya duka hayo yote hayajawa bado, nilikuwa napayuka tu, na yeye alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Dada," akasema, "si ungesema tu hujui? Mimi pia sikujua, na sikuona haya kukuuliza."